Mtoto Akihama Darasani Huku Amekaa Kwenye Dawati

“Mjomba, mikono yangu haikuwa yangu.”

Ndivyo alivyoniambia mpwa wangu jioni moja ya mwezi wa saba. Tulikuwa barazani Nkuhungu, upepo wa Dodoma unatutilia vumbi hadi kwenye vikombe vya chai. Alikuwa Kidato cha Tatu. Mchana wa siku ile mwalimu wa Fizikia alimwita ubaoni. Akainuka, akatembea, akashika chaki, na kuanzia hapo, kwa maelezo yake, akawa anamtazama msichana mwingine amesimama mbele ya darasa. Ubao ukawa kama picha iliyobandikwa ukutani. Sauti za wenzake zikamjia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Akautazama mkono ulioshika chaki akajiuliza ni wa nani. Swali alikuwa analijua. Hakuandika kitu. Mwalimu akamrudisha kwenye dawati kwa maneno makali, darasa likacheka.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu. Bibi yake akasema aombewe. Jirani akasema mtoto anaanza kuchanganyikiwa, na kwa kuwa tuko Dodoma, jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili, halikuchelewa kutajwa. Mimi nikasema hajala. Wote tulikuwa mbali na ukweli, na ilituchukua miezi kadhaa kuufikia. Katika miezi hiyo nimegundua kwamba familia nyingi zina mtoto anayehama namna hii na hazina pa kuanzia. Ikifika Novemba, msimu wa mitihani ya Kidato cha Pili na cha Nne, maneno yanakuwa mengi zaidi: fulani amehama, fulani kapaniki, shule fulani wasichana wameanguka. Kila neno linatumika kwa kila kitu, kwa hiyo tuanze na maneno yenyewe.

Wasiwasi kila mtu anao, na ni mzuri. Ndio unaomfanya mtu asome kabla ya mtihani na aangalie pande zote mbili kabla ya kuvuka barabara. Una sababu inayoonekana, na sababu ikiisha nao unaisha. Wasiwasi uliopitiliza ni ule unaobaki hata sababu ikiondoka, au unaokuwa mkubwa kuliko jambo lenyewe, mpaka unaanza kumpangia mtu maisha: halali, hali vizuri, tumbo linamkata kila Jumatatu asubuhi, anatafuta njia ya kutokwenda shule. Kupaniki, kama vijana wanavyosema, ni wimbi la hofu linalopanda ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache. Moyo unadunda, jasho linatoka, pumzi inakuwa fupi, na mtu anaamini kabisa kwamba anakufa.

Kuhama ni kitu kingine, ingawa mara nyingi hutembea pamoja na hayo mawili. Kiswahili cha mtaani kina maneno mengi ya karibu: kuzubaa, kuduwaa, wenge. Lakini ninachokizungumzia si usingizi wala mawazo ya kawaida ya mtu anayewaza chakula cha mchana. Ni kutengana na nafsi. Kuna kutengana kwa namna ya mpwa wangu pale ubaoni, ambapo mtu anajiona mgeni kwa mwili wake, kama anajitazama kutoka pembeni. Kuna namna nyingine ambapo yeye anajihisi yuko sawa, ila dunia ndiyo inayoonekana ya bandia: watu kama wako nyuma ya kioo, rangi zimepauka, darasa lile lile analolijua tangu Januari linakuwa kama hajawahi kuingia. Wengi huzipata zote mbili.

Jambo kama hili likimjia mtu kwa sekunde au dakika chache, tuseme baada ya kukesha, kwenye msiba, au baada ya kunusurika ajali ya bodaboda, ni la kawaida kuliko tunavyodhani. Wanaobaki nalo kiasi cha kuhesabiwa wana ugonjwa ni takribani 1 hadi 2 katika kila watu 100, na kwa wastani huanza mtu akiwa na umri wa kama miaka 16. Maana yake darasa la wanafunzi 60 linaweza kabisa kuwa na mmoja, na yuko kwenye umri wa kuvaa sare.

Breka inapojikata

Ndani ya ubongo kuna sehemu ambayo kazi yake ni kunusa hatari. Ichukulie kama mbwa wa mlinzi. Mbwa mzuri hubweka akimwona mwizi. Mbwa aliyewahi kupigwa mawe hubweka hata jani likianguka. Akibweka, mwili wote unajiandaa kukimbia au kupigana: moyo unaongeza kasi, damu inaelekea kwenye misuli mikubwa, tumbo linasimamisha shughuli zake. Ukikutana na fisi njia ya kwenda Hombolo, maandalizi hayo yatakuokoa. Ukiwa umekaa kwenye dawati, huwezi kukimbia na huna wa kupigana naye. Umeme wote huo umewaka na hauna pa kwenda.

Kila nyumba yenye umeme ina breka karibu na mita. Umeme ukizidi, inajikata, nyumba inakuwa giza, na watu wanalalamika kana kwamba kuna kitu kimeharibika. Hakijaharibika. Breka imefanya kazi yake ili nyaya zisiungue. Kuhama ni breka ya namna hiyo. Hofu ikizidi kiwango ambacho akili inaweza kuibeba, akili inapunguza mwanga wa hisia, na mtu anakuwepo bila kuwepo. Wapo walionusurika ajali mbaya wanaosema waliona mambo yakitokea polepole, bila maumivu, kama yanampata mtu mwingine. Ni breka ile ile. Shida ya mwanafunzi mwenye wasiwasi uliopitiliza ni kwamba breka yake imekuwa nyepesi, inajikata hata kwa kuitwa jina.

Pumzi nayo ina mchango wake, na hapa pana siri ambayo ningependa kila mwalimu aijue. Mtu mwenye hofu anapumua haraka na juu juu. Akifanya hivyo kwa dakika chache, anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko kawaida. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana kidogo. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na midomo, na ile hali ya kuona kila kitu ni cha ajabu. Mtoto hana upungufu wa hewa hata kidogo. Lakini anahisi hewa haitoshi, anavuta zaidi, na hali inazidi. Kumwambia “vuta pumzi ndefu” ni kumwongezea petroli kwenye moto. Anachohitaji ni kutoa pumzi taratibu.

Halafu kuna kinachofuata, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinacholiweka tatizo hai kwa miezi: mtu anaiogopa hali yenyewe. Asubuhi anaamka na kujikagua. Leo niko sawa? Mikono ni yangu? Sauti hii ni yangu? Ukijisemesha neno lolote mara hamsini, hata neno “kijiko”, linaanza kusikika la ajabu. Nafsi nayo ukiikagua mara hamsini kwa siku inaanza kuonekana ngeni. Kujikagua kunaleta hofu, hofu inakata breka, na breka ikikatika mtu anapata ushahidi mpya kwamba ana ugonjwa mkubwa. Mpwa wangu alikuwa ameingia kwenye mzunguko huo kwa wiki tatu kabla hajafungua mdomo. Alinyamaza kwa sababu alidhani akisema tutampeleka Mirembe.

Wanayosema watu

Tuanze na hilo la kuchanganyikiwa. Mtu anayepoteza mguso na ukweli huamini anachokiona: anasikia sauti na kujibu, anasema jirani amemwekea mtambo kichwani na hakubali kubishiwa. Anayehama anajua. Anasema “ni kama siko hapa”, na neno lenye uzito ni hilo “kama”. Anajua ubao ni ubao, anajua mkono ni wake, anachokosa ni hisia ya kwamba ni wake. Ndiyo maana anaogopa sana. Hofu ya kwamba unakuwa kichaa ni sehemu ya hali yenyewe, na wengi wanaoipata hawaelekei huko.

Na Mirembe ile ile tunayoitumia kutishia watoto, iliyokuwepo tangu miaka ya 1920, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Inapokea watu wanaokuja asubuhi, wanazungumza na mtaalamu, wanachukua dawa kama zinahitajika na kurudi nyumbani kula ugali. Sisi tunaoishi Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina, na tumeigeuza kuwa tusi. Najua, kwa sababu nimelitumia tusi hilo mwenyewe miaka yote, mpaka siku niliyoona uso wa mpwa wangu ukibadilika nilipolitamka.

Mapepo ni suala linalohitaji adabu, kwa sababu watu wanaamini na mimi si wa kuwakejeli. Anayetaka kumwombea mtoto amwombee. Sala ya mtu anayekupenda, mkono wake begani, hutuliza. Ninachopinga ni kumfunga mtoto, kumpigia kelele, kumfungisha siku tatu bila kula, au kumkataza kwenda hospitali. Mambo hayo yanamwongezea mbwa wa mlinzi sababu ya kubweka.

Kuhusu wanafunzi wanaoanguka kwa pamoja, nchi yetu ina mfano unaotajwa dunia nzima. Januari 30, 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, mkoani Kagera, walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ikasambaa hadi kuwapata wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vimelea wasipate. Hakuna aliyekufa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba msongo mkubwa, kwenye kundi la watu wanaoishi pamoja bila njia ya kuusema, ulitafuta njia kupitia mwili. Hawakuwa wanaigiza. Mwili wa binadamu unaambukizwa hofu kama unavyoambukizwa miayo.

Wapo wanaosema mtoto anatega shule tu, na neno hilo limeumiza watoto wengi. Mwanafunzi anayehama anakaa kimya, macho yameganda, ukimuuliza anachelewa kujibu. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 70 mbele yake, huo ni utovu wa nidhamu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko 4, kwa kosa zito la nidhamu, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kuhama si kosa la nidhamu. Na hata tukiweka kanuni pembeni, fikiria breka iliyojikata kwa hofu: utaiwasha kwa kuongeza hofu?

Na wazee wanaosema ni bangi? Hapa wana hoja. Bangi inaweza kuleta hali hii kwa mara ya kwanza, na kwa wengine ikabaki hata baada ya kuacha. Kwa hiyo muulize mtoto, ila umuulize kwa sauti ya kutaka kujua. Wengi wanaohama hawajawahi kuigusa. Visababishi vya kila siku ni vya kawaida zaidi: kukesha, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani kama soda, njaa, masomo kubadilika ghafla kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza mtoto akiingia Kidato cha Kwanza, na kambi za mitihani ambako watoto wanalala kwa muda wa saa nne tu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Tunajivunia sana watoto wanaosoma mpaka alfajiri. Mimi nimeacha.

Kubaki darasani

Ushauri wa kwanza tuliopewa na mtaalamu ulinishangaza: asikae nyumbani. Sisi tulikuwa tumempumzisha wiki mbili kwa huruma. Kila siku aliyobaki nyumbani wasiwasi ulishuka, na kwa kushuka huko akili ikajifunza kwamba shule ndiyo hatari na nyumbani ndiko salama. Siku ya kurudi, lango la shule lilikuwa limekua mara tatu.

Tulimrudisha kwa vipande. Siku ya kwanza alifika langoni kabla ya mstari wa asubuhi, akasimama hapo, tukageuza. Siku ya pili alikaa mpaka mstari ukaisha. Kisha vipindi viwili, kisha mpaka mapumziko. Kila hatua alikaa mpaka hofu ikapanda na kushuka yenyewe, kwa sababu hofu ikiachwa bila kukimbiwa hushuka. Ni kama kisulisuli cha vumbi kile tunachokiona hapa Oktoba: kinakuja na makelele, kinachukua mifuko na majani, ukifumba macho na kusimama kinapita. Wiki ya tatu alikuwa anamaliza siku nzima.

Darasani ana mambo anayoyafanya, na hakuna anayeyaona. Hali ikianza, anakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kusukuma chini taratibu. Anavuta pumzi kwa hesabu ya nne, anaitoa kwa hesabu ya sita, mara kadhaa. Pumzi ikitoka polepole ndipo moyo unapopunguza mwendo. Mfukoni ana kokoto moja aliyoiokota uani kwetu, ya jiwe la kijivu lenye kingo. Anaibana kwenye kiganja na kuitafuta kwa kidole: hapa inakwaruza, hapa ni laini, hapa kuna ufa. Kisha anajitajia vitu kimoyomoyo. Leo Jumatano. Kipindi cha Jiografia. Dawati lina jina la mtu limechongwa kwa bikari. Nje kuna mtu anafagia. Harufu ya chaki. Hisia tano zinaiambia akili mahali ilipo, na akili inarudi kwa hatua zake. Kama inaruhusiwa kutoka, maji ya baridi usoni yanasaidia sana.

Jambo gumu kwake lilikuwa la mwisho: kuacha kupigana nayo. Badala ya kusema “iondoke, iondoke”, anasema “umekuja, kaa hapo, mimi nanukuu”. Anaendelea kuandika hata kama mkono unaonekana wa mtu mwingine. Daftari la siku hizo nimelipitia. Mwandiko ni ule ule.

Kwa upande wa shule tuliomba vitu vitatu tu, kwa barua, kupitia kwa mwalimu wa malezi na unasihi: akae karibu na dirisha, aruhusiwe kutoka dakika tano na kurudi, na asiitwe ubaoni kwa kushtukiza kwa muda wa muhula mmoja. Neno “kurudi” tulilipigia mstari. Ruhusa ya kutoka bila kurudi ni mlango mwingine wa kukimbia. Mwalimu akimwona ameganda, asimtikise wala kumpigia makofi usoni. Amwite jina kwa sauti ya chini, amwambie yuko wapi na ni saa ngapi, ampe kazi ndogo ya mikono, kama kugawa madaftari. Walio bweni wanahitaji matroni au patroni anayejua jambo hili, kwa sababu usiku ndio mrefu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 mwenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Mwalimu mmoja wa unasihi, ambaye pia anafundisha vipindi kibao na kushika zamu, hawezi kuwafikia wote. Lakini mwalimu yeyote anaweza kuacha kuwacheka.

Hospitali ni lazima lini? Hali ikidumu wiki kadhaa au ikimzuia kusoma, kula na kulala, mpeleke, anzia kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa. Usisubiri wiki hizo kama anaanguka na kutikisika, anang’ata ulimi au kujikojolea, au anaganda sekunde chache mara nyingi kwa siku bila kukumbuka. Hicho kinaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa. Upungufu wa damu na malaria navyo vipimwe. Usisubiri pia kama anasikia sauti, kama amepoteza saa nzima asijue alikuwa wapi, au kama anazungumzia kujidhuru. Na muulize kwa upole, mkiwa wawili, kama kuna mtu anamfanyia jambo baya. Breka hujikata sana kwa watoto wanaoumizwa mahali wasipoweza kupakimbia. Kama jibu ni ndiyo, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure.

Hakuna kidonge kimoja cha kuhama. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, kwa wiki au miezi, ambapo mtoto anajifunza mzunguko wake na namna ya kuukata. Dawa za wasiwasi huongezwa pale daktari anapoona zinafaa. Mpwa wangu hakupewa dawa. Mwingine atapewa, na si aibu.

Sasa yuko Kidato cha Nne. Hali bado inamtembelea, mara moja au mbili kwa mwezi, zaidi wiki za majaribio. Jumanne iliyopita alirudi, akavua viatu mlangoni, akachota maji. Nikamuuliza siku imekwendaje.

“Ilikuja kipindi cha pili, mjomba. Nikamaliza zoezi ndipo ikaondoka.”